Koti Moja, Sura Arobaini na Moja

Ipo nchi ambayo sitaitaja jina. Si kwa hofu, ila jina lake hubadilishwa kila baada ya sikukuu ya taifa, na sipendi kumpa msomaji jina lililokwisha muda. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina barabara mbili za lami, na ina kuta. Hizo kuta ndizo zilizonilisha mimi, Kasiani Mdoe, kwa maana nilikuwa Afisa Kuta Daraja la Tatu katika Idara ya Kuta na Misumari, na niseme mapema kwamba kazi yangu niliipenda na sikuwahi kuchelewa hata siku moja.

Mgeni atauliza ukuta unataka afisa wa nini. Kwetu, kila chumba chenye paa ambacho raia anaweza kuingia lazima kiwe na picha ya Mlezi Mkuu. Katika picha hiyo amevaa koti jeusi lililofungwa hadi shingoni, na anatazama mbali kidogo, mahali ambapo sisi wengine hatupaoni. Sheria ya Kimo inasema kwamba picha nyingine yoyote, ya mtu, ya mnyama au ya mandhari, isipande juu ya kifungo cha tatu cha koti hilo. Basi mimi nilikuwa natembea na tepu yangu. Napima kutoka sakafuni hadi kifungo cha tatu, naandika, nageuka, napima kalenda ya duka, picha ya harusi, tangazo la soda. Kilichozidi kinashushwa, na mwenye nacho anashushwa rumande siku saba.

Nimeona niandike habari za Bi Havijawa Kitundu na maonyesho yake ya picha kwa sababu mitaani yanasemwa mengi. Ijulikane kwamba serikali ilimsaidia tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mahali nilikuwepo.

*

Bi Havijawa alikuwa na studio nyuma ya mahakama. Picha za pasipoti, picha za maharusi, picha za mtoto kutimiza mwaka. Umri wake ulikuwa sitini na kitu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa njiani. Ukutani aliandika kwa rangi ya mafuta: PICHA ISIYOCHUKULIWA NDANI YA SIKU TISINI HATUTAWAJIBIKA. Ni maneno makali, lakini mwenyewe hakuyafuata, maana kwenye droo alikuwa na bahasha arobaini na moja ambazo zilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Bahasha zenyewe zina historia fupi. Mwaka ule serikali ilitangaza kazi kwenye kiwanda cha saruji. Waombaji wafike uwanja wa mpira siku ya Alhamisi kwa usaili, na Jumatatu inayofuata walete picha mbili za pasipoti. Vijana wakajaa studio. Kama studio zote za kwetu, ile ilikuwa na koti lake moja la wateja, jeusi, la vifungo hadi shingoni: mtu anaingia na fulana, anavalishwa koti, anapigwa picha, anavua, anavaa anayefuata. Kifungo cha tatu kilikuwa kimedondoka, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu Bi Havijawa hakupata nafasi ya kukishona. Wa mwisho kupigwa, Jumatano jioni, alikuwa mwanawe wa pekee, Nasibu, mwenye miaka ishirini na mitatu. Yeye hakulivua.

"Mama, niazime hadi kesho," alisema. "Usaili bila koti watanionaje?"

Akamwazima. Alhamisi, pale uwanjani, waombaji walitangaziwa kwamba nafasi zilishajazwa tangu Jumatatu iliyopita. Wakanung'unika. Nasikia walinung'unika kwa sauti. Saa kumi alasiri yakaja malori. Jioni redio ya taifa ikaeleza kwamba vijana wote waliokuwa uwanjani wamepata ufadhili na wamesafiri nje ya nchi, na ushahidi ni kwamba wiki hiyohiyo walionekana wakipiga picha za pasipoti. Tangu siku ile kwenye makaratasi yetu wanaitwa wasafiri. Ndugu wa msafiri haruhusiwi kuweka matanga, maana kumlilia mtu aliye safarini ni kumchuria.

*

Bi Havijawa alikuja ofisini na ombi la kurasa mbili. Alitaka ukuta. Alitaka kuzikuza zile picha arobaini na moja, azitundike mahali, watu waje wazione.

"Kwa nini sasa, mama?" nilimwuliza.

"Macho yananiishia, baba. Nataka wenye macho waniangalizie. Mtu akimwona Nasibu wangu pale ukutani, aniambie alimwona wapi mara ya mwisho. Sitaki kingine."

"Lakini amesafiri."

"Basi aliyemwona huko safarini aniambie."

Hoja ilikuwa na mantiki, nikamweleza utaratibu. Kukusanya watu mbele ya picha bila kuuza kitu ni mkutano, na mkutano unahitaji kibali ambacho hakitolewi. Kukusanya watu na kuuza ni biashara, na biashara serikali yetu inaipenda. Alifikiri kidogo akapanga bei: kila picha sawa na bei ya andazi. Ya Nasibu, alisema, haiuzwi, mwenyewe atakuja kuichukua. Nikajaza fomu: picha arobaini bidhaa, moja pambo.

Tulianzia Nyumba ya Sanaa ya Taifa, kama inavyostahili. Mkurugenzi wake, Dokta Ponsiano Lihundi, alisomea sanaa katika nchi tano na kutoka huko alirudi na skafu, ambayo haivui hata jua likiwa la utosi. Ukumbi wake mkubwa una maonyesho ya kudumu yaitwayo Mlezi Mkuu Tangu Utotoni. Kwa kuwa picha zake za utotoni hazikupatikana, alitafutwa mtoto mwingine akapigwa, na mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye gari na walinzi wawili.

Dokta Lihundi alizipitia picha za Bi Havijawa moja baada ya nyingine, akafumba macho.

"Mama," alisema, "sanaa ni mazungumzo kati ya ukuta na nafsi. Hapa nafsi naiona. Mazungumzo siyasikii. Halafu nikuulize, mbona hawa wote hawacheki?"

"Ni picha za pasipoti, Dokta. Serikali imekataza kucheka."

"Kwenye pasipoti, ndiyo. Kwenye maonyesho, raia lazima aonekane ana furaha. Kanuni ya saba. Kwani huwezi kuwaita ukawapiga tena wakiwa wanacheka?"

Bi Havijawa alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki.

"Nikiwapata, nitawapiga," alisema.

Dokta akamwandikia barua nzuri ya kumkatalia, yenye mhuri wa dhahabu.

*

Tukaenda Ukumbi wa Halmashauri. Huko kulikuwa na shida ya kiufundi. Ukumbi ulipojengwa, fedha za ngazi hazikupitishwa, kwa hiyo picha za Mlezi Mkuu, moja kila ukuta, zilitundikwa na mtu aliyekuwa amechuchumaa. Na picha ikishatundikwa haiguswi, kwa sababu kumgusa Mlezi Mkuu kuna kifungu chake kwenye sheria. Nilipima. Kifungo cha tatu kilikuwa sentimita arobaini na moja kutoka sakafuni.

"Unaona," nilimwambia Bi Havijawa kwa furaha ya kweli, "nafasi ipo. Picha zikae chini ya hapo, na watazamaji watambae."

Mwenyekiti wa Halmashauri alilipenda wazo. Aliitisha madiwani wote kwa jaribio, na kabla hawajaanza akatoa hotuba ya dakika hamsini. Alisema taifa lililojifunza kutambaa halianguki. Alisema mababu zetu walitambaa, na ndiyo maana hawakuonekana na wakoloni. Kisha madiwani kumi na wanane walikunja suruali zao wakashika sakafu, wakaupitia ukuta wa kaskazini kwa magoti, wakiguna mbele ya kila picha kama waungwana wanavyofanya kwenye sanaa. Bi Havijawa naye alitambaa, kwa magoti yake ya miaka sitini, akiinyoosha kila picha iliyopinda.

Jaribio lilikuwa linaenda vizuri mpaka mwandishi wa vikao, ambaye alibaki amesimama ili aandike, alipokohoa. Alionyesha kwa kalamu. Madiwani wote, wakiwa wameelekeza nyuso ukuta wa kaskazini, walikuwa wamemwelekezea Mlezi Mkuu wa ukuta wa kusini kitu kingine, na kwa kimo kilekile cha macho yake. Walibaki hivyohivyo kwa muda, maana kusimama kungekuwa kukiri. Mwishowe walitoka kinyumenyume, na kikao kikafutwa kwenye kumbukumbu.

Hotelini nako walikataa. Mwenye hoteli alisema wateja wake wanapokula nyama hawapendi kutazamwa na watu arobaini na mmoja ambao hawajala. Tukafikiria nje, kwenye ua wa stendi, ambako hakuna paa na Sheria ya Kimo haifiki. Lakini mkuu wa polisi alitukumbusha kwamba kitu kikitundikwa nje kinakuwa bendera, na bendera ya nchi ni moja.

Wiki sita zilipita hivyo. Bi Havijawa alikuwa ameanza kunishika mkono tunapovuka barabara.

*

Ni mimi niliyepata jawabu, na sioni aibu kujisifu. Nilikaa nikaisoma Sheria ya Kimo yote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, na katika Jedwali la Nne nikakuta maneno haya: picha ya Mlezi Mkuu isiwekwe chooni, buchani, wala mahali wanapohifadhiwa waliokufa, kwa kuwa yeye hahusiki.

Chooni pana foleni. Buchani pana nzi. Ikabaki mochwari ya hospitali ya mkoa, ambayo ina sebule pana ya kusubiria, kuta safi, mabenchi sita, na hakuna kifungo cha mtu yeyote cha kupimia.

Mhudumu wa mochwari alikuwa Mzee Chogo Malendeja, mtu mpole, mwenye daftari. Kwa miaka ishirini na sita hakuna maiti aliyetoka mikononi mwake bila saini. Ndugu akifika anaulizwa, "Ni yeye?" Akijibu "Ni yeye," anasaini kwenye daftari la utambuzi, anapewa kikaratasi cha kijani, anachukua mtu wake. Mzee Malendeja alifagia, akapangusa mabenchi, akatuletea nyundo. Nilipogongomelea msumari wa kwanza nilinyoosha mkono juu, juu zaidi ya nilivyowahi kuufikisha katika utumishi wangu, na nikashikwa na kizunguzungu.

Siku tatu hakuja mtu. Nani aende mochwari bila kufiwa? Siku ya nne akaja Bi Asteria, muuza mkaa, aliyefuata mwili wa jirani. Mumewe, Kornel, alikuwa miongoni mwa wasafiri. Walikuwa wameoana miezi minane tu, na picha zao za harusi zilichukuliwa na waliokuja kupekua. Alisimama mbele ya picha ya tisa. Hakupiga kelele, kwa sababu imekatazwa. Alitoka mbio, akarudi na binti yake wa miaka kumi, akamsimamisha pale.

Mtoto aliangalia muda mrefu.

"Kumbe masikio yangu ni yake," alisema.

Mzee Malendeja akasogea na daftari, kama alivyomsogelea kila mtu kwa miaka ishirini na sita.

"Ni yeye, mama?"

"Ni yeye."

"Weka saini hapa. Hapa kwangu hatoki mtu bila saini."

Akasaini, akalipa bei ya andazi, akapewa kikaratasi cha kijani, akamchukua mumewe ameviringishwa kwenye khanga. Mimi nilikuwepo, na nilifurahi kuona shughuli inakwenda kwa utaratibu.

Habari zikaenea. Walikuja kwa miguu, walikuja kutoka wilaya nyingine, wakakaa kwenye mabenchi hadi jioni. Nadhani ile ndiyo sehemu pekee nchini ambako mtu anaweza kuinamisha kichwa na asiulizwe. Mzee Malendeja aliwapa maji. Kila aliyekuja, kabla hajaondoka, Bi Havijawa alimshika mkono akampeleka kwenye picha ya mwisho.

"Na huyu? Umewahi kumwona mahali?"

Waliangalia kwa bidii, kwa kuwa walimwonea huruma, halafu wakatikisa kichwa. Yeye hakuona kichwa kikitikisika, ikabidi waseme.

"Hapana, mama."

Wiki mbili baadaye picha arobaini zilikuwa zimekwisha. Mauzo ya asilimia mia moja. Mzee Malendeja akamletea kalamu.

"Wewe husaini wako?"

"Mimi sijaja kutambua," alisema Bi Havijawa. "Nimekuja kuuliza."

*

Mwisho wa mwezi daftari la mochwari hupelekwa mkoani. Mkoani wakajumlisha wakakuta mambo hayakai sawa. Watu arobaini wametambuliwa na kuchukuliwa na ndugu zao, na hakuna hata mmoja aliyeingizwa. Hapo palikuwa na maelezo mawili. Ama mochwari ya serikali imetoa maiti ambao haikuwa nao, ama ndugu wana maiti ambao wamewaficha. Maelezo ya kwanza yaliihusu serikali, kwa hiyo yakachaguliwa ya pili.

Familia arobaini zikapelekwa mahakamani kwa kosa la kuficha maiti. Bi Havijawa aliunganishwa nao kama mratibu. Mimi na Mzee Malendeja tulikuwa mashahidi wa upande wa serikali.

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mwenye kipaji. Alizipanga juu ya meza picha ndogo za zile bahasha arobaini, zilizochukuliwa studio, pamoja na ile kubwa ya Nasibu, akamwomba hakimu aangalie mavazi.

"Mheshimiwa, watu arobaini na mmoja, koti moja. Kundi lenye sare ni jeshi. Lakini si hilo linaloniumiza. Naomba uangalie kifungo cha tatu." Alinyamaza ili kiangaliwe. "Hakipo. Kwa wote. Kifungo cha tatu, kipimo cha kuta zetu, kimo cha heshima ya taifa, hawa wamekinyofoa vifuani mwao, halafu wakajipiga picha."

Bi Havijawa alinyoosha mkono akasema kwamba koti ni la studio, na kifungo kilidondoka, na foleni ilikuwa ndefu. Iliandikwa kwamba mshtakiwa amekiri kuwa na foleni.

Mzee Malendeja alipoulizwa alisema, "Waliotambua walisaini. Saini ni saini." Alipongezwa kwa uadilifu na akahamishiwa machinjioni.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alisema kosa hilo adhabu yake ni miaka thelathini, lakini mahakama inajua kwamba macho ya binadamu hukosea. Aliyekosea kutambua aje mbele, aseme kwamba mtu aliye pichani hamjui, arudishe picha, aende nyumbani kwake.

Ilipita robo saa. Kisha mzee mmoja akainuka, akaweka picha ya mjukuu wake mezani, akasema, "Simjui." Baada ya hapo ilikwenda haraka. Simjui. Simjui. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Bi Asteria alikuja na picha bado imo ndani ya khanga, na binti yake akiwa nyuma yake.

"Huyu ni nani?" aliulizwa.

"Sura hii siijui."

Mwendesha mashtaka akamwangalia mtoto.

"Na hayo masikio?"

"Ya mama yangu mzazi," alisema Bi Asteria, akamfunika mtoto kichwa kwa ncha ya khanga.

Ilipofika saa sita mchana vijana arobaini walikuwa hawajulikani na mtu yeyote duniani. Karani wa mahakama aliandika hivyo, akapiga mstari.

*

Ikabaki picha moja. Mwendesha mashtaka aliinyanyua juu.

"Na huyu hana mwenyewe?"

"Ana mimi," alisema Bi Havijawa. Alisimama akashika ukingo wa kizimba. "Ni mwanangu. Anaitwa Nasibu."

"Kwa hiyo unakiri amekufa na umemficha."

"Sijakiri. Mliniambia amesafiri, nikaitikia. Miaka kumi na mmoja naitikia. Mtu husafiri akafika, baba. Nauliza kafika wapi."

Hakimu alivua miwani. "Mama, serikali haipotezi watu."

"Basi someni mlipomweka."

Hapo ndipo Karani wa Jalada la Wasafiri, aliyekuwa ameketi nyuma ya mwendesha mashtaka na mkoba wake, alipoteleza, na mimi simlaumu, kwa sababu ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono safi, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alitunza majalada ambayo hakuna aliyeyafungua wala kumsifia. Sasa anaambiwa mbele ya mahakama kwamba jalada lake lina pengo. Damu ikamchemka. Alisimama, akatoa faili kwenye mkoba, akasoma kwa sauti nzuri ya kusikika hadi nje.

"Msafiri namba arobaini na moja. Nasibu Kitundu, miaka ishirini na mitatu. Aliondoka Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, kwa lori namba nne. Baada ya hapo hakuleta usumbufu. Mzigo alioacha: koti moja jeusi, la kufunga hadi shingoni. Kifungo cha tatu hakipo. Matundu mawili mgongoni, upande wa kushoto. Limefuliwa. Ghala la serikali, rafu ya sita."

Akakaa, uso unang'aa. Alikuwa amethibitisha kwamba hakuna pengo.

Hakimu naye aliridhika. "Umesikia, mama? Neno maiti hapo halipo. Kijana amesafiri, na mzigo wake uko salama."

Bi Havijawa hakulia. Nilikuwa karibu naye, nikaona anapeleka mkono nyuma, polepole, anajipapasa mgongo upande wa kushoto, kama mtu anayetafuta mahali alipoumwa na mbu. Alipapasa muda mrefu. Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida ya mtu wa biashara.

"Koti ni la studio. Nitalipataje?"

"Barua ya maombi," alisema karani, "na picha mbili za pasipoti za mwenye mzigo."

"Ninazo. Tulikuwa tunatoa nne."

Akafungua mkoba, akatoa ile bahasha iliyokaa droo miaka kumi na mmoja, akahesabu kwa vidole, akampa mbili.

Aliachiwa huru siku hiyohiyo, kwa kukosekana kwa maiti. Zile picha arobaini kubwa, pamoja na bahasha zake na filamu zake, zilipelekwa kiwanda cha saruji kuwashia tanuru. Kwa hiyo vijana hao arobaini wote walifika kiwandani, na naomba hilo nalo liandikwe.

*

Mimi nimepandishwa cheo. Ule ugunduzi wangu wa Jedwali la Nne sasa umekuwa kanuni, na msanii yeyote anayetafuta ukumbi wa kuonyesha na kuuza kazi zake anaelekezwa mochwari moja kwa moja, bila usumbufu. Hakuna aliyejitokeza tangu hapo. Barua ya Daraja la Pili ilinitaka nipeleke picha mbili za pasipoti, na kwa kuwa najua kulipa wema, nikaenda kwa Bi Havijawa.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mlango wazi. Lile jicho la kulia nalo lilikuwa limekwisha.

"Nani?"

"Mimi, mama. Kasiani wa Kuta."

"Karibu, baba."

Alipapasa ukutani akatungua koti msumarini. Alinivalisha mwenyewe. Lilinukia sabuni ya ghala. Alinifunga vifungo kwa vidole, cha kwanza, cha pili, akaruka, cha nne.

"Cha tatu bado hujakishona," nilisema, ili tu niseme kitu.

"Foleni ilikuwa ndefu."

Studioni hapakuwa na mtu mwingine. Alinikalisha, akarudi nyuma hatua nne kwa kuhesabu, akashika kamera. Nyuma yangu feni ilikuwa inazunguka, na nikasikia ubaridi mgongoni, mahali pawili, upande wa kushoto. Nilianza kugeuka.

"Usigeuke," alisema. "Picha ya pasipoti haionyeshi mgongo. Inua kidevu. Usicheke."

"Sicheki, mama."

"Najua."

Taa ikawaka ikazima. Akanivua koti, akalipangusa mabega, akalirudisha msumarini. Akaniambia nije Ijumaa nichukue.

Ijumaa ile ilipita, na nyingine zikapita. Ofisini wamenikumbusha mara mbili, kwamba bila picha cheo hakitasajiliwa. Studio nyingine zipo, na zote zina koti. Leo ni siku ya themanini na saba kati ya zile tisini alizoandika ukutani, na sijaenda. Kazi zimenibana.